Mtunzi Anasali Wapi?

Siku ile mpaka wa Kavimvira, mjini Uvira, ulikuwa umefurika watu na maji kwa pamoja. Maji yalitoka ziwani, maana mwaka ule Tanganyika lilikuwa limeacha pwani yake na kuingia mitaani bila kuuliza mtu. Watu walitoka Bujumbura, kila mmoja na mzigo wake, kila mmoja akitaka kupita mbele ya mwenzake. Katikati ya msongamano huo alisimama Blandine na majora mawili ya kitambaa cha zambarau kichwani. Gauni lake la kitenge cha njano alikuwa amelipandisha hadi magotini, viatu ameshika mkononi, na uso ameukunja kama mtu anayetafuta wa kugombana naye. Alikuwa fundi wa kushona, na kitambaa kile kilikuwa cha sare ya kwaya yake kwa ajili ya yubile ya kanisa. Kingelowa tu, rangi yote ingekwenda na maji.

Nyuma yake mtu alikuwa anaimba kwa mdomo uliofungwa. Ilikuwa sauti ya besi, ya taratibu, kana kwamba foleni ile haimhusu. Sasa Blandine alikuwa msoprano, tena kiongozi wa kwaya, na mtu wa kwaya hawezi kusikia besi inatembea peke yake akanyamaza. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amekwisha kuijibu. Besi ikakatika.

"Usiache, dada," sauti ilisema. "Ni weye ulikuwa unakosekana hapo."

"Minye? Hata wimbo wenyewe siujue."

"Utaujua namna gani? Niko nautunga sasa hivi."

Aligeuka kumjibu jibu la kumkomesha, na hapo ndipo mtu mmoja alipomsukuma na jora la juu likateleza. Kijana mrefu mwembamba, shati jeupe lililokunjwa mikono, alilidaka kwa mikono yote miwili. Mafungu ya waya aliyokuwa ameyabeba begani yakatumbukia majini yeye akiyaangalia.

"Waya zako!"

"Waya zitakauka. Zambarau ya namna hii haikauke, inakufa. Mama yangu alikuwa anauzisha vitambaa." Akamrudishia jora, akatabasamu. "Naitwa Aimé. Nipatie namba yako, jioni nikuulizie kama kitambaa kimelala vizuri."

"Kitambaa hakina simu."

"Njo maana niko naomba ya kwako."

Akampa. Mimi ningempa pia.

Jambo moja Blandine hakufanya siku ile, na hadithi yote imetoka hapo. Uvira mtu akikwambia jina lake, swali linalofuata ni: unasali wapi? Ukijibiwa, unajua umsalimie vipi, umkaribishe chakula au la, na kama una binti, umfungie mlango au umfungulie. Baba yake Blandine, Mzee Jean-Marie, shemasi, aliwauliza hata wauza ndakala, wale dagaa wa ziwani, waliopita mlangoni, kabla ya kuuliza bei. Lakini Blandine hakuuliza. Na Jumapili iliyofuata, kwaya yake ilipokwenda kutembelea parokia ndugu ya Kavimvira, alimkuta Aimé pale pale kanisani, ameketi nyuma ya mashine za sauti, amevaa shati lingine jeupe. Akafurahi moyoni. Akajiambia, kumbe ni wetu, na swali akalifunga.

Basi wakapendana, na simu ndizo zilizoteseka.

"Umekula?" Aimé alikuwa akiuliza saa saba mchana.

"Bado. Niko nashona kola."

"Minye niko na mukeke wa kuchoma hapa. Ukuje."

"Weye uko Kavimvira, minye niko Mulongwe. Nipande pikipiki kwa sababu ya samaki?"

"Basi weka simu karibu na sahani yako, nisikie ukikula. Nitajua niko na mwenzangu."

"Aimé, weye ni mugonjwa."

"Na dawa iko inashona kola."

Jioni moja Aimé alimpeleka pwani ya Kavimvira, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba. Sasa paa moja la bati lilichungulia juu ya maji, na mbele zaidi ncha za miti mikavu. Aimé alisimama pale, maji yakimlamba viatu, akamwimbia wimbo ule wa foleni, sasa umekamilika.

*Ee ziwa, uliingia bila hodi,*
*ukalala pale mama amelala.*
*Ukirudi kwako niachie alama,*
*nijue pa kupiga magoti.*

Blandine alilia waziwazi, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. "Huu tutauimba kwa yubile," akasema. "Kanisa lote litasimama."

Aimé hakufurahi kama Blandine alivyotarajia. Alitazama lile paa. "Kwenu munauliza sana."

"Tunauliza nini?"

"Basi. Kamata, ni wako."

Katika mazoezi ya kwaya, wimbo uliwashika wote. Blandine akaamua kumshonea mtunzi shati la heshima, kitambaa cha bluu na uzi wa zambarau kidogo kwenye kola ili afanane na kwaya bila watu kusema. Lilipoisha, hakuweza kungoja. Ijumaa mchana alipanda pikipiki hadi Kavimvira bila kupiga simu, shati limekunjwa vizuri kwenye mfuko, na yeye amejipaka wanja na kuvaa gauni jekundu la kiuno chembamba.

Barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka msikitini. Pikipiki ikapunguza mwendo. Na pale mlangoni, ameinama anavaa viatu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya kufuma kichwani, alikuwa Aimé wake.

Alishuka. Miguu ilimwendea yenyewe.

"Aimé?"

Aliinua uso, na uso ule ukasawijika. "Blandine. Haukuniambia unakuja."

"Ulikuwa unasali hapa?"

"Hapa. Tangu utoto."

"Na kule kanisani?"

"Kule ninafanya kazi. Naleta sono, mashine zote za sauti, narudisha sono. Kwa Wakatoliki, kwa Wamethodisti, kwenu. Waya zangu haziulizwe kitu."

"Kwa nini haukuniambia?"

Alifungua mdomo kama anayetaka kumrudishia swali, akajizuia. "Nisikudanganye. Nilifurahi vile haukuuliza. Mara ya kwanza muntu ananijua minye mbele, halafu mambo ingine nyuma. Nikaogopa kuharibu. Nyimbo zangu wanazipenda, wakiuliza nasali wapi, wanazirudisha. Nimezoea nyimbo zirudi. Weye ukirudi, sitazoea."

Angemkumbatia. Alitaka kumkumbatia. Lakini watu walikuwa wanapita, na mmoja alikuwa jirani wa baba yake, na Blandine alijiona na gauni lake jekundu mbele ya msikiti, akaona haya. Alisema ana kazi nyingi, akapanda pikipiki ileile. Shati likarudi Mulongwe ndani ya mfuko.

Tangu hapo hakutulia. Alikata kola mbili za upande mmoja. Aliweka pasi motoni akaisahau. Simu ikilia alishtuka, isipolia aliikasirikia. Alimpenda Aimé, hilo halikupungua hata kidogo, na ndilo lililomsumbua. Kama angempenda kidogo, angelala.

Jumatano komite ya uimbaji ikakaa kusikiliza nyimbo za yubile. Mwenyekiti alikuwa Mzee Déogratias, mtu wa suti ya kijivu na miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo zito. Katika kanisa lao, wimbo mpya hauimbwi mpaka kiongozi wa kwaya asimame mbele ya watu amtaje mtunzi na mahali anaposali. Utaratibu huo yeye ndiye aliyeuweka.

Kwaya ikaimba. Mzee akavua miwani.

"Hii ni Isaya mutupu," akasema, machozi yanamlengalenga. "Hii haitoke kwa muntu wa dunia. Mutunzi ni nani, binti yangu? Anasali wapi?"

Blandine alifungua mdomo na jina la Aimé lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Halafu akaona kichwani wimbo umerudishwa, kwaya imenyamaza, baba yake anaitwa pembeni na kuulizwa binti yake anatembea na nani. Kando yake aliketi Pontien, besi mwenye tumbo na moyo mwepesi, ambaye alikuwa ametunga nyimbo mbili mbaya maishani mwake.

"Ni ndugu Pontien," akasema.

Pontien alimtazama kama mtu aliyetupiwa mtoto mikononi. Halafu wazee wakaanza kumshika mkono, wakimpongeza, na uso wake ukazoea upesi.

"Nilijua!" alisema Mzee Déogratias. "Muntu mwenye hakuokoka hawezi kuandika hivi. Inajisikia tu."

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo Blandine alipaswa kucheka au kulia. Alifanya hesabu ya vifungo tu kichwani, ili asifikiri.

Aliapa atamweleza Aimé mwenyewe, polepole, kwa maneno mazuri. Lakini Pontien alikuwa amekwisha kuonja asali. Jumamosi asubuhi alikwenda redio moja ya mjini kutangaza yubile, na mtangazaji alipomuuliza wimbo ulimjia vipi, hakumkatalia. Alisema alikuwa katika maombi ya kufunga. Alisema mama anayetajwa mle ni Kanisa, limefunikwa na maji ya dhambi.

Aimé alikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu, anakunywa chai. Aliyasikia yote redioni. Kikombe hakukimaliza, akapiga simu.

"Blandine."

"Aimé, ngoja nikuelezee..."

"Umesikia redio?"

"Nimesikia. Minye sikumutuma aseme vile. Nilitaka wimbo upite, ndiyo tu. Wangeukataa."

"Wangenikataa minye. Wimbo wanaupenda. Na weye ukaona njia: tuchukue wimbo, mwenyewe tumuache inje."

"Si vile!"

"Ni vile. Nimezoea warudishe nyimbo zangu, Blandine. Wakizirudisha zinabaki zangu. Weye haukurudisha. Ulikata jina langu ukashonea ingine. Na yule mama si Kanisa. Anaitwa Zuhura. Aliuzisha vitambaa pale mupakani mpaka alipougua. Tulimuzika, na nyuma ziwa likakuja. Sijue hata ni wapi chini ya maji. Njo wimbo wote ni huo."

Akakata simu.

Alimpigia asubuhi, mchana na jioni, na kila mara iliita hadi ikachoka. Aliandika ujumbe akaufuta. Alikwenda hadi Kavimvira akaishia mpakani, akajifanya ananunua uzi, akarudi na uzi wa rangi asiyoihitaji. Baba yake alimuuliza kama ana homa. Sare zilikamilika zote, nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na hakuzitazama mara mbili.

Siku ya yubile ikafika na jua kali. Kanisa lilijaa hadi madirishani, akina mama wakiwa na vitenge vipya vinavyonukia duka, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Pembeni ya mimbari, nyuma ya mashine zake, aliketi Aimé. Komite ilikuwa imekodi mashine zake tangu zamani, na hakuna aliyemuuliza kitu, kama siku zote. Hakumtazama Blandine. Aliangalia taa ndogo za mashine kana kwamba zinaandika habari.

Kwaya ikaitwa. Blandine akashika mikro. Gauni la zambarau lilimkaa barabara, kola nyeupe shingoni.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mutunzi wa wimbo huu," akaanza, na Pontien nyuma yake akajinyoosha tai. "Niliambia komite ni ndugu Pontien. Nilidanganya. Pontien hakuniomba. Ni minye."

Pontien akaachia tai.

"Mutunzi anaitwa Aimé Assumani. Anasali musikitini, kule Kavimvira. Niliogopa kusema kwa sababu nampenda, na niliona haya. Na yule mama mwenye munaenda kusikia, si Kanisa. Ni mama yake aliyemuzaa. Anaitwa Zuhura."

Minong'ono ikapanda kutoka viti vya nyuma. Mzee Déogratias alikuwa amesimama, miwani mkononi, na kwa mkono mwingine anakata hewa akielekea mashine: kata! Kata mikro! Na kanisa lote likageuka kumtazama mtu wa mashine, na polepole, mmoja baada ya mwingine, wakaelewa ni nani.

Kidole cha Aimé kilikuwa juu ya kitufe. Aliutazama mkono wa mzee. Akamtazama Blandine, kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akautoa mkono kwenye mashine, akautia mfukoni.

Hakuna aliyejua nini kifuatie. Ndipo besi ikaanza, chini kabisa, kwa mdomo uliofungwa. Alikuwa Pontien. Jasho lilimtiririka, tai imekwenda upande, na aliimba kama mtu anayelipa. Besi wengine wakamfuata, na kwaya ikaingia.

*Ukirudi kwako niachie alama, nijue pa kupiga magoti.*

Sitawadanganya kwamba wote waliguswa. Wengine walitoka, na Mzee Déogratias alitoka mbele yao na Biblia kwapani. Lakini upande wa kushoto walikaa watu wa Kavimvira, wale ambao nyumba zao zilikuwa ndani ya maji na sasa walilala kwa ndugu, na hao walisimama wote bila kuambiwa, mama mmoja amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Baada ya ibada komite ilikaa kidogo tu. Blandine aliondolewa uongozi na kuwekwa chini ya nidhamu: atakaa benchi la nyuma, asiimbe, mpaka watakapomwambia. Kwa ajili ya uongo, walisema, na hilo alilikubali. Alivua gauni la zambarau, akavaa la kwake, la kwaya akalikunja, akaliacha kwenye kiti. Lilimuuma. Alikuwa ameimba pale tangu meno ya utoto.

Aimé alikuwa nje anakunja waya.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Basi nimekuharibia."

"Minye njo nilianza kukuharibia. Nilikuona haya, Aimé. Si kwa sababu ya mabaya yako, huna. Kwa sababu ya macho ya watu. Unisamehe."

Alikunja waya ule taratibu hadi mwisho. "Nilitaka kukuchukia," akasema. "Nilijaribu sana."

"Ukashindwa?"

"Ule wimbo uko na soprano. Kila nikiuimba nakutana na weye mulemule."

Blandine akacheka na kulia kwa pamoja, akatoa mfuko uliokuwa umesafiri naye siku hizo zote. Aimé alilikunjua shati la bluu, akaona uzi wa zambarau kwenye kola, akalivaa juu ya lile alilokuwa nalo, pale pale mbele ya watu waliokuwa wanatoka.

"Sikiliza," akasema, vifungo vikimsumbua vidole. "Minye sitaacha kusali kwangu. Na weye sitakuomba uache kwako, hata wakikuweka benchi ya nyuma miaka yote. Ukinikubali vile, nataka kukuoa. Tukuwe na Ijumaa na Jumapili mu nyumba moja."

"Nakukubali. Lakini kwa baba njo kuko kazi. Atakuuliza swali moja tu, unalijua."

"Nimujibu nini?"

"Ukweli. Nitakuwa kando yako. Safari hii sitapanda pikipiki."

Wakaenda kwa miguu. Mzee Jean-Marie alikuwa ametoka kanisani bila kumsemesha mtu. Walimkuta mbele ya nyumba, kwenye benchi lake, koti la ushemasi bado mwilini. Hakuitikia shikamoo ya binti yake. Alimtazama Aimé kuanzia viatu vilivyopauka kwa maji hadi kola, macho yakakaa kwenye kola muda mrefu, maana aliujua mkono ulioishona. Blandine alishika mkono wa Aimé, akaubana.

Mzee akasafisha koo.

"Mama yako," akasema, "mulimuzika wapi?"

Aimé hakuwa amejitayarisha kwa swali hilo. "Kavimvira, papa. Kwenye makaburi ya kando ya ziwa."

"Ile yenye iliingia maji?"

"Ndiyo, papa. Hata alama haiko."

Mzee Jean-Marie alivua kofia yake, akaishika magotini.

"Blandine," akasema, "letea muntu kiti."